Bustani Isiyo na Ua

Walipomimina zege la ghorofa ya tisa upande wa mashariki,
jua la asubuhi lilihama Jamhuri bila kuaga.
Mawaridi yangu yalingoja wiki tatu,
shingo zimeuelekea ukuta,
kisha yakakata tamaa moja moja
kama watu waliochoshwa na foleni ya benki.

Ua wa kayaba tayari ulikuwa umevunjwa na lori la kokoto.
Sasa na ua la mwisho likaanguka.
Nikabaki na hatua saba kwa nne za udongo,
tangi la maji, kamba ya nguo,
na kivuli.

Makokha akasema: tumwage sementi, tuegeshe gari.
Gari lenyewe hatuna.

Nikaenda kwa Mutunga wa miche, kando ya Barabara ya Ngong,
nikamlilia kivuli changu. Akaendelea kumwagilia
kwa kopo alilolitoboa mwenyewe.
"Kivuli? Mama, wateja wangu wa Karen
wanapanda miti miaka ishirini wakitafuta hicho."
Akanipa kangaga wawili, akanipa ulimi wa mkwe,
na ndani ya mfuko mweusi, kitu kilichojikunja kama barua:
hosta.
"Inachanua?"
"Inachanua. Lakini usiipendee hilo."

Jani la kwanza lilichukua siku kumi na moja.
Lilitoka sindano, likawa sigara,
likawa kiganja cha mtu anayeomba chumvi.
Buluu ya moshi wa kuni, pindoni rangi ya samli,
mishipa imelala sambamba
kama mistari ya daftari ambalo hakuna aliyeliandika.
Manyunyu ya Juni hayakulilowesha:
tone lilibiringika, likasita kwenye ncha,
likafikiri,
likaanguka.

Mama mkwe alikuja kutoka Kimilili na kuku wake kapuni.
Akainama, akalipapasa lile jani kwa kidole gumba
kama anayepima kitenge.
"Linapikwa na nini?"
Halipikwi, mama.
Kwake jani ni kunde, ni mnavu, ni mrenda wenye magadi.
Hata hapa mjini ukitaja majani
mtu anabandika sufuria ya chai.
"Sasa linafanya kazi gani?"
Nilitafuta jibu, sikulipata. Nikamletea kiti.
Akakaa mpaka saa tisa, hasemi kitu.
Kesho yake nilikuta mkebe wa siagi mlangoni
umejaa konokono.

Mwaka wa pili hosta ilirudi ndogo,
wa tatu ikatoa majani mawili, membamba, ya aibu.
"Haijalala," Mutunga akasema. "Kwao kuna barafu."
Nairobi tunajigamba kwa baridi ya Julai,
lakini ni baridi ya sweta, ya uji, ya jiko la makaa,
haimlazi mgeni kama huyu.
Basi nikaichimba, nikaikung'uta udongo,
nikaivika gazeti la Jumapili
na kuilaza kwenye friji, droo ya chini,
kati ya dania na hoho.

Wiki kumi.
Stima ikipotea niliihofia kabla ya nyama.
Na Makokha, yule wa sementi,
akiamka usiku kutafuta maziwa
alifungua friji polepole,
akafunga kwa viganja viwili
kama anayetoka chumba chenye mtoto mchanga.
Sikumwambia kwamba nilikuwa macho.

Septemba niliirudisha kivulini.
Jirani wa ghorofa ya tano alichungulia akianika shuka:
"Mama Nafula, maua yako yako wapi?"
Nikamwonyesha udongo mtupu.
Akacheka, akarudi ndani.

Oktoba tarehe sita, baada ya mvua ya usiku:
sindano nne za zambarau.

Nikapiga simu Kimilili.
Kabla ya salamu, kabla hata ya kumuulizia mwanawe,
mama mkwe akasema: "Limeamka?"

Nikainama tena, simu sikioni,
nihesabu upya.
Zilikuwa tano.